Ile ndege Hercules ya Waingereza iliyodunguliwa Iraq 2005, kwanini ililipuka vile?

Chaurembo: Wakuu habari za jioni. Nimekuwa nafuatilia ile C-130 Hercules, ndege ya kubeba mizigo na askari ya jeshi la anga la Uingereza, namba XV179, iliyodunguliwa Iraq 30 Januari 2005 na watu wote 10 wakafa. Hercules si ndo ile tunaambiwa inarudi na matobo kibao, injini imezima na bado inatua? Sasa ilikuwaje risasi za kutoka chini zikailipua hewani mpaka bawa likakatika? Mwenye uelewa anieleweshe.

Kipanga77: Mkuu wengi wanadhani kinacholipuka ni mafuta, kumbe ni mvuke. Tanki likipungua, juu panabaki uwazi wenye mvuke uliochanganyika na hewa, risasi ikipenya hapo ikawasha basi tanki zima linapasuka, na tanki lenyewe limo ndani ya bawa. Rubani awe fundi kiasi gani, bawa likishaondoka hana la kufanya. Kinga ipo, ni sponji maalum yenye vitundu vitundu kama ya godoro, inajazwa ndani ya tanki, mafuta yanapita kama kawaida ila moto ukitokea unazimikia humo kabla haujasambaa. Wamarekani walianza kuitumia kwenye Hercules zao tangu enzi za vita ya Vietnam. XV179 haikuwa nayo.

BintiMshale: Kipanga kamaliza upande wa tanki. Mimi niongezee kwamba walikuwa wanatoka Baghdad kwenda Balad, kambi ya jeshi kaskazini mwa Baghdad, mchana kweupe, chini chini kabisa, na siku yenyewe ni ya uchaguzi Iraq nzima. Saa chache kabla helikopta za Wamarekani zilishambuliwa eneo lile lile na taarifa haikuwafikia hawa vijana, hilo ndo linaniuma kuliko hata hiyo sponji, maana ilikuwa ni ujumbe tu, wangepita njia nyingine.

Chaurembo: Dah. Asante sana wakuu. Kwahiyo jeshi lilikuwa linajua kuhusu hiyo sponji?

Kipanga77: Lilijua. Watu wao wenyewe walishashauri iwekwe kabla ya ajali, haikuwekwa. Uchunguzi wa vifo ulikamilika 2008, David Masters aliyeuongoza akaamua kwamba wale watu waliuawa kinyume cha sheria na akasema wazi kulikuwa na mapungufu makubwa ya kimfumo. Familia zilikaa miaka zaidi ya mitatu zikisubiri kuambiwa hivyo, ikiwemo ya yule mmoja aliyekuwa raia wa Australia akitumikia Uingereza. Mimi siwezi kuita hii bahati mbaya ya vita, risasi ni ya adui sawa, ila watu wazima wenye vyeo ndio waliolipeleka tanki lile vitani bila kinga.

BintiMshale: Na Hercules zao Waingereza walikuja kuziwekea hiyo sponji baada ya hapo.