Tupeane uzoefu: soseji za kijiti zenye koti la unga wa mahindi, nani zimemkubali?

Nyanya Chungu
Wakuu, habari za Jumapili. Kitinda mimba wangu kaona kwenye simu soseji imechomekwa kijiti, imevishwa uji wa unga wa mahindi, ikatumbukizwa kwenye mafuta. Wamarekani wanaita corn dog. Bibi yake alipoambiwa dogi maana yake mbwa, akauliza mara mbili hiyo nyama ya nani. Nikamwonyesha pakiti, soseji za ng'ombe, ina alama ya halali, akatulia.

Nikakoroga sembe, yai, maziwa na sukari kidogo. Nikachovya, nikatumbukiza. Koti lote likachomoka! Soseji ikaibuka uchi, unga umetapakaa karaini kama bajia zilizokata tamaa. Nimerudia tano, zote hivyo hivyo. Aliyefanikiwa aje, na aliyeunguza aje pia, nisiaibike peke yangu.

Karai Jeusi
Dada, soseji ilikuwa imelowa. Na mimi nilikuwa nazitoa kwenye friza, nachemsha, nachovya hapo hapo. Siku hizi nachemsha mapema, napoza, nafuta moja moja kwa kitambaa mpaka ukiishika haitelezi. Kisha naviringisha kwenye unga mkavu wa ngano, nakung'uta, ndipo nachovya. Huo unga mkavu ndio unaoushika uji.

Halafu sembe tupu haishikani, ngano lazima iwepo. Mimi natia kikombe cha sembe, kikombe cha ngano, vijiko viwili vya chai vya beking pauda, yai moja, maziwa kidogo kidogo. Uwe mzito kuliko wa chapati za maji. Ukiinua mwiko, udondoke kwa kujivuta. Mimina kwenye glasi ndefu, zamisha soseji wima, itoe huku unaizungusha. Kwenye bakuli utahangaika bure.

Kaka wa Kigogo
Mimi nilijifanya mjuaji. Kwenye mishikaki tunaloweka vijiti visiungue, si ndiyo? Nikaloweka vya soseji nusu saa nzima. Kilichotokea jikoni siku ile ni vita. Kijiti kilivyogusa mafuta, maji yaliyokuwa ndani yakaanza kulipuka pa! pa! pa! Nikarukiwa mkononi mara tatu, shemeji yenu kakimbilia uani na mtoto, mimi nimejikinga na mfuniko wa sufuria kama askari. Alama moja ninayo mpaka leo. Kijiti cha kukaanga kiwe kikavu, jamani.

Kitu kingine, vijiti vya mishikaki ni vyembamba, ukizungusha kijiti soseji inabaki imesimama. Chomeka viwili sambamba.

Mama Pacha Tabata
Umenichekesha kaka, pole lakini 😂 Mimi shida ilikuwa karai. Ni pana, halina kina, kijiti kinagonga ukingoni, upande mmoja unaiva mwingine mbichi. Nikahamia sufuria ndogo yenye kina, soseji nazikata nusu, na vijiti navifupisha. Mafuta yanatumika machache pia, na kwa bei ya mafuta hii si jambo dogo.

Mzee wa Kilwa Road
Wanangu, hicho chakula nimekila Dallas, kwenye maonyesho ya jimbo la Texas. Fikirieni Sabasaba, ila ya kwao hufanyika msimu wa majani kupukutika. Pale wanawataja ndugu wawili, Neil na Carl Fletcher, walioanza kuziuza kati ya 1938 na 1942. Ubishi upo, maana kule Buffalo, New York, kuna mtu alipewa hataza mwaka 1929 ya kifaa cha kukaangia vyakula vya kijiti, soseji ikiwemo.

Unga wao ni wa njano na una chenga, si laini kama sembe yetu. Ndiyo maana koti lao linatafunika. Jaribuni kuchanganya na dona kidogo. Wao wanapaka haradali. Mimi nyumbani napaka pilipili ya embe, na sirudi nyuma.

Binti Sinza
Shikamoo mzee. Nyongeza kwa dada: pengine mafuta yalikuwa hayajachemka. Mafuta ya uvuguvugu hayagandishi uji, unachuruzika. Dondoshea tone la uji. Likizama kisha likapanda haraka na mapovu, tumbukiza. Moto ukizidi nao, sukari inaungua, nje nyeusi ndani uji mbichi. Mimi na jiko la mkaa nilishindwa kabisa kuupatia huo wastani, mpaka niliponunua gesi. Dakika tatu nne inatosha. Na usitie nne kwa mpigo, mafuta yanapoa.

Za Wakorea zenye chizi ndani nilijaribu mara moja. Chizi ilitoboa ikamwagikia kwenye mafuta. Sitaki kulizungumzia.

Nyanya Chungu
Marahaba kwa wote niliowazidi umri, na mzee shikamoo. Nimerudia leo: nimefuta, nimepaka unga mkavu, sufuria ndogo, vijiti viwili vikavu. Ya kwanza kijiti kimechomoka, nikaokoa kwa upawa. Sita zilizofuata zimetoka na makoti yao, zimevimba, rangi ya maandazi. Bibi kala mbili, akavua koti la ya tatu akala koti peke yake, soseji akampa mjukuu. Anasema kesho nimkaangie bila soseji.

Karai Jeusi
Basi huyo anataka kalimati, dada.