Nimerudi kwetu Mombasa tangu 2021, Mmarekani bado ananisachi mifuko

Jamani mnivumilie, leo nina hasira na lazima nizitoe mahali.

Mimi mtoto wa Kisauni. Minnesota nilikaa miaka 14, nikala kiapo cha uraia 2016, nikarudi nyumbani 2021. Ukenya wangu sikuupoteza, Katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha. Siku ya kiapo tulipewa kibendera na hotuba ndefu. Hakuna aliyetuambia kwamba Marekani humfuata raia wake kwa kodi popote alipo, hata akihamia mwezini. Nchi nyingine yenye mtindo huo ni Eritrea. Basi.

Kazi yangu ni ukalimani wa simu. Mgonjwa Mswahili yuko hospitali ya huko, daktari hamwelewi, mimi niko hapa usiku wa manane na spika masikioni namweleza mtu kipimo chake cha sukari. Mwaka 2024 niliingiza dola 22,000. Kila mtu ananiambia, "Jaza fomu 2555, kuna msamaha." Upo kweli, kwa pato la kazi ufanyayo ukiwa nje ya Marekani, na mwaka huo ulifika pato la dola 126,500, na kodi yangu ya mapato ikatoka sufuri. Nikashangilia kama mjinga. Kumbe msamaha huo haugusi kodi ya waliojiajiri, asilimia 15.3 ya sehemu kubwa ya pato, ya pensheni yao na Medicare, bima yao ya afya ya wazee. Dola 3,108! Na hiyo Medicare kwa kawaida hailipi matibabu ya nje ya Marekani, kwa hiyo nikiugua hapa naitazama tu. Kuna nchi zilizotia saini mkataba na Marekani ili mtu asikatwe hiyo ya pensheni mara mbili. Afrika nzima hakuna hata moja. KRA, watoza kodi wa Kenya, nao wanataka chao, ila hao siwalaumu, barabara ninayopita ni ya hapa.

Hayo yote ningemeza. Kilichonichoma ni chama.

Mimi ni mweka hazina wa chama cha mtaani cha kuchanga na kuweka akiba, watu kumi na wanane, wengi akina mama wauza samaki. Walinichagua kwa vile "huyu ametoka Ulaya, hana tamaa." Sasa kuna ripoti inaitwa FBAR: akaunti zako zote za nje ya Marekani zikijumlishwa zikapita dola 10,000, hata kwa siku moja tu katika mwaka, unaripoti. Na akaunti unayotia sahihi tu, pesa si zako, nayo inahesabiwa. Dola 10,000 ni kama shilingi 1,290,000. Nimekaa sakafuni na taarifa za benki za mwaka mzima, kidole kinashuka mstari kwa mstari kutafuta siku salio lilipokuwa juu kabisa. Nikaipata: 2,140,000, wiki tuliyokuwa tunangoja kununua ploti.

Ikabidi nimweleze mama mwenyekiti. Akaniangalia, akaweka kikombe chini. "Mwanangu, hao Wamarekani wataka nini na pesa zetu za papa na nguru?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Na ukikosea bila kukusudia, faini iliyoandikwa kwenye sheria ni hadi dola 10,000, na sasa imepandishwa kufuata mfumuko wa bei. Serikali yao ilitaka kutoza hiyo kwa kila akaunti, mpaka Mahakama ya Juu ilipoikatalia 2023 katika kesi ya Bittner: ni kwa ripoti moja ya mwaka. Afueni hiyo!

MMF, ile mifuko ya uwekezaji ya kuweka akiba ipate riba, msiniulize. Mkenya yeyote anaweka akiba humo kwa simu, lakini kwa Marekani mfuko wa nje ni PFIC, yaani kampuni ya uwekezaji ya kigeni, fomu 8621, hesabu za kumtoa mtu jasho kwa riba ya nauli ya matatu. Nimefunga. Na kampuni ya huko iliyoshika hisa zangu ilipoona anwani ya Mombasa ikaniandikia nihamishe.

Najua kuna njia ya kusawazisha kwa waliochelewa bila kukusudia: fomu za kodi za miaka mitatu, FBAR za miaka sita, bila faini. Mhasibu mmoja kanitajia dola 2,800 kunifanyia. Mwingine hakujua chama ni nini, akaniuliza kama ni kampuni.

Waliopitia hii njia wakiwa Kenya, semeni mlilipa ngapi, na mlikiandikaje chama kwenye fomu. Jumamosi nina kikao, nakabidhi kitabu cha hundi.