The Heroes of Telemark: kuna anayeitetea?

Swali: Nimeitazama filamu hii ya 1965, yenye Kirk Douglas, na imenikera. Wapiganaji wa msituni wa Norwei, waliopambana na Wajerumani katika Vita Vikuu vya Pili, wamegeuzwa pambo la mapenzi yake na mke aliyeachana naye!

Jibu: Milima na theluji ni za kweli, walipigia picha Norwei kwenyewe. Mengine sina la kuyatetea.

Jibu: Mimi inaniuma kwa walichokitupa. Februari 1943, mpiganaji halisi wa Norwei, Joachim Rønneberg, na wenzake walivuka korongo usiku wakapanda hadi kiwanda cha Vemork, wakalipua mitambo ya maji mazito (maji yenye hidrojeni nzito, ambayo Wajerumani waliyataka kwa utafiti wao wa nyuklia) bila kufyatua risasi hata moja. Kisha baadhi yao wakakimbilia Uswidi kwa skii, kama kilomita 400. Ukiwa na kisa hicho, mapenzi ya nini?

Muulizaji: Hapo umenena. Mtengenezaji angeuamini ukimya ule.