Difu ya nyuma ya Hilux: kuchomelea, loki ya hewa, au ekseli yenye loki ya kiwandani?

Msafirishaji, Moroto
Ndugu wanachama, nina pikapu ya Hilux inayobeba nafaka kutoka Mbale hadi Moroto kwa lami, kisha huingia njia za udongo mweusi kuelekea Kotido. Mvua ikinyesha, tairi moja la nyuma huzunguka bure huku lingine limesimama, hata kama limekanyaga pakavu. Fundi wangu anashauri tuchomelee gia ndogo za ndani ya difu (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia) ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja daima, kwa kuwa gharama yake ni ndogo mno kuliko ya loki ya hewa, yaani kifaa kinachofunga magurudumu hayo pamoja kwa nguvu ya hewa pale tu dereva anapotaka. Naomba ulinganisho.

Fundi wa Mbale
Ndugu, difu ya kawaida huzipa shafti zote mbili (vyuma vinavyozungusha magurudumu) nguvu sawa, kwa hiyo tairi lililo kwenye utelezi ndilo linaloamua lingine lipate kiasi gani. Kuchomelea huondoa kasoro hiyo, na kwenye matope ya tambarare gari hutoka vizuri, sikatai. Shida yako ni lami. Ikiwa magurudumu ya nyuma yameachana mita 1.5, basi katika kona ya robo duara tairi la nje hutembea takriban mita 2.4 zaidi ya la ndani, kona iwe pana au nyembamba. Difu iliyochomelewa hairuhusu tofauti hiyo, hivyo ama tairi likwaruze lami ama shafti ipokee msokoto wote, na mzigo ukiwa mzito tairi hukataa kuteleza, ikabaki shafti kuumia. Tena, katika Hilux nyingi shafti ya nyuma hubeba uzito wa gari na kushikilia gurudumu pia. Ikikatika upande wa nje, gurudumu laweza kuchomoka gari likiwa kwenye mwendo na watu wamo ndani. Kwa gari la shambani lisilogusa lami ningekubali. Kwa lako, nakusihi usifanye.

Dereva wa Kapchorwa
Huku milimani kuna hatari nyingine, nayo ni njia iliyoinama upande mmoja wakati wa mvua. Kwa difu ya kawaida, tairi moja likizunguka bure, lile lililotulia huendelea kushika udongo na kuuzuia mkia wa gari usiporomoke. Magurudumu yakifungwa pamoja, yote huteleza kwa wakati mmoja na mkia huelekea bondeni. Loki ya hewa, kama ile ya kampuni ya ARB, ina hatari hiyo hiyo ikiwashwa, lakini dereva huizima kwa kitufe, iliyochomelewa haizimiki.

Mwenye gereji, Kampala
Nawaunga mkono kuhusu kuchomelea, ila loki ya hewa nayo inadai kompresa na mpira wa hewa usiovuja, kwani hewa ikipotea loki haishiki, na hilo hutokea pale pale penye matope. Mimi ningetafuta ekseli nzima ya Hilux, yaani difu pamoja na shafti zake, iliyotoka kiwandani na loki ya umeme, japo kuipata ikiwa nzima kunahitaji subira. Kabla ya kutoa fedha, jaribu kuvuta breki ya mkono kidogo kidogo tairi linapozunguka bure: breki hulipatia tairi hilo uzito wa kusukumana nao, na nguvu huongezeka upande wa pili. Jambo hilo halina gharama, na mara nyingi hutosha.

Msafirishaji, Moroto
Asanteni sana, wakubwa zangu. Nimeliacha wazo la kuchomelea. Je, ekseli ya kununua nitaikagua vipi?

Mwenye gereji, Kampala
Uwiano wa gia zake lazima ulingane na wa difu ya mbele, la sivyo ukiingiza foo-wili (magurudumu yote manne yasukume) mbele na nyuma zitapigana. Loki ikiwa imezimwa, zuia gurudumu moja lisizunguke, zungusha lingine mizunguko 2 kamili, na uhesabu mizunguko ya pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu ya injini kwenye difu): ikizunguka mara 4 na sehemu ya kumi, uwiano ni 4.1. Fanya vivyo hivyo kwa difu ya mbele ya gari lako kabla hujalipa.