Mimi si raia, na nimepangiwa kufundisha somo la uraia: naomba ushauri

Mleta mada

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa historia wa shule ya sekondari, na katika nchi ninayofundisha naishi kwa kibali cha ukaazi: nafanya kazi, nalipa kodi, watoto wangu wanasoma hapa, lakini sipigi kura. Mwalimu wa somo la uraia amehamishwa, na kuanzia muhula ujao vipindi vyake vitakuwa vyangu. Maudhui ya somo hayanitishi. Kinachonipa mawazo ni darasa lenyewe. Wanafunzi wana umri wa miaka 14 hadi 16. Wapo waliozaliwa hapa na wazazi waliotoka kwingine, wapo wenye uraia wa nchi mbili, na yupo mmoja ambaye, kwa maelezo ya mwalimu wake wa darasa, familia yake haijawahi kupata karatasi ya nchi yoyote.

Sura ya kwanza ya kitabu cha kiada inaanza na zoezi linalomtaka kila mwanafunzi asimame, ataje asili ya ukoo wake na aoneshe kwenye ramani mahali anapotoka. Naomba ushauri kuhusu mambo mawili. Je, niwaambie wanafunzi kwamba mimi si raia, au ninyamaze na kufundisha? Na zoezi hilo nilifanye, nilirekebishe au niliruke? Walimu wenzangu wamegawanyika, na kila upande una hoja.

Mwalimu Mstaafu

Mwalimu mwenzangu, waambie, ila usiwaambie siku ya kwanza wala usilifanye tangazo. Ngoja mfike kwenye mada ya nani anaruhusiwa kupiga kura, kisha useme kwa sentensi moja au mbili kwamba wewe ni mkaazi asiye raia, uwaulize ni haki zipi unazo na zipi huna. Wataanza kubishana wenyewe: je, polisi anaweza kumkamata mwalimu bila sababu, anaweza kumshtaki mwajiri wake, anaweza kugombea ubunge? Mabishano hayo yatawafikisha mbali kuliko ukurasa mzima wa fasili. Ukinyamaza, atakayeligundua jambo hilo ni mwanafunzi mtundu kuliko wote, naye atalitumia siku utakayompa alama ndogo.

Kabla ya hapo zungumza na mkuu wa shule, ili mzazi akija kulalamika asimkute mkuu hana habari. Na wale wanaosema kwamba asiye raia hana mamlaka ya kufundisha uraia, mimi sikubaliani nao. Hatujawahi kumdai mwalimu wa sheria ya ndoa awe ameoa.

Wakili wa Familia

Naomba niongeze upande wa sheria, kwa sababu shuleni mambo matatu huchanganywa mara nyingi: cheti cha kuzaliwa, uraia, na hisia ya mtu kwamba hapa ni kwao. Cheti cha kuzaliwa huthibitisha mtu alizaliwa wapi, lini na wazazi wake ni nani. Katika nchi nyingi hakimpi uraia peke yake, ingawa bila cheti hicho ni vigumu kuuthibitisha. Uraia wenyewe hupatikana kwa njia kuu tatu, yaani kwa kuzaliwa ndani ya mipaka ya nchi, kwa nasaba ya mzazi, au kwa tajnisi (mgeni anapoomba uraia na kupewa), na kila nchi huzichanganya njia hizo kwa namna yake. Sheria za nchi mbili zisipokutana, mtoto hubaki katikati. Chukua mtoto aliyezaliwa katika nchi inayofuata nasaba peke yake, ambaye baba yake hajulikani, na mama yake anatoka katika nchi isiyomruhusu mwanamke kumrithisha mwanawe uraia kama anavyoruhusiwa mwanamume. Mtoto huyo anaweza kujikuta hana utaifa kabisa, yaani si raia wa nchi yoyote, bila yeye wala mama yake kuvunja sheria yoyote. Nchi zaidi ya 20 bado zina sheria za uraia zinazombagua mama kwa namna hiyo.

Wafundishe wanafunzi kwamba tatizo hili linajulikana na lina majibu yaliyokwisha kuandikwa. Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 15, linampa kila mtu haki ya kuwa na utaifa. Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa 1954 kuhusu hadhi ya watu wasio na utaifa, na mwingine wa 1961 wa kupunguza hali hiyo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa zimeuridhia isipokuwa Marekani, unataka mtoto aandikishwe mara tu anapozaliwa. Waoneshe pia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966: haki nyingi humo zimeandikwa kwa ajili ya kila mtu, na kifungu cha 25, kinachohusu kupiga kura, kugombea na utumishi wa umma, ndicho kinachosema ni haki ya kila raia. Hapo swali alilolipendekeza Mwalimu Mstaafu litakuwa na msingi wa maandishi.

Kuhusu mwanafunzi asiye na karatasi, usimtaje, usimtolee mfano hata kwa jina la kubuni, na usimwagize mwanafunzi yeyote alete vyeti darasani. Mtafute mzazi wake faraghani kupitia mshauri wa shule, mkamwelekeze kwa watoa msaada wa kisheria. Fanyeni hivyo mapema, kwa kuwa baadhi ya sheria huweka ukomo wa umri wa kuomba, na njia zilizo wazi kwa mtoto huweza kufungwa akishakuwa mtu mzima.

Mzazi

Nitasema tofauti. Mimi nilimpeleka mwanangu shule ajifunze katiba, wajibu wake na kuipenda nchi yake. Kila kipindi kikigeuka mazungumzo ya nani anajisikiaje, watoto watamaliza shule hawajui bajeti ya serikali inapitishwa na nani. Mwalimu asijifanye yeye ndiye somo.

Kijana wa Nchi Mbili

Mzazi, nakuelewa, lakini zoezi la ramani ndilo linalogeuza hisia kuwa somo. Nimelifanya nikiwa mwanafunzi. Nilionesha mji niliozaliwa, ambao ndio mji uleule wa shule, nikaambiwa nioneshe ninapotoka hasa. Tangu hapo nikawa msemaji wa nchi niliyoifahamu kwa likizo tu: ikitajwa kwenye habari, darasa zima linanigeukia. Mwenzangu ambaye wazazi wake walikuwa wenyeji hakuwahi kuulizwa lolote, naye alilalamika kwamba zoezi lilimfanya aonekane hana historia.

Mwalimu, ningekuwa wewe ningewapa karatasi, kila mmoja aandike makundi matatu anayojihesabu kuwa ni yake, ya aina yoyote, iwe lugha, timu, dini, familia au mtaa, na asiyetaka kusoma yake asisome. Kisha waulize: ni lipi kati ya hayo serikali inalitambua kwa maandishi, na kwa nini hilo na si jingine? Kutoka hapo mnaingia kwenye sheria za uraia moja kwa moja.

Mleta mada

Nimewasoma wote, na nawashukuru. Nitachukua zoezi la makundi matatu, na habari ya hadhi yangu itangoja mada ya kura. Ndugu Mzazi, bajeti ya serikali imo katika muhtasari na haitaachwa. Ila kifungu cha 29 cha Mkataba wa Haki za Mtoto kinataka elimu imjengee mtoto heshima kwa utamaduni na lugha yake mwenyewe, kwa maadili ya nchi anamoishi na kwa yale ya nchi alikotoka, vyote kwa pamoja, kwa hiyo sioni kama nalazimika kuchagua.

Limejitokeza jambo jingine. Kanuni za baraza la wanafunzi wa shule yetu zinasema kwamba mgombea sharti awe raia. Je, hiyo ni sheria au ni desturi tu?

Wakili wa Familia

Mara nyingi kanuni kama hiyo imenakiliwa kutoka kwenye masharti ya uchaguzi wa kitaifa bila mtu kufikiri. Kiranja si mtumishi wa umma. Kifungu cha 12 cha Mkataba huohuo kinampa kila mtoto anayeweza kuwa na maoni haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, wala hakiulizi uraia wake. Iulize wizara kama kuna agizo lolote. Lisipokuwepo, omba sharti hilo lifutwe kabla ya majina ya wagombea kuanza kupokelewa, na katika barua yako usimtaje mwanafunzi yeyote, maana wakishajua ni kwa ajili ya nani, mjadala utakuwa juu yake.

Mleta mada

Wagombea wanaanza kujiandikisha wiki ya tatu ya muhula. Nitaliwasilisha kwenye kikao cha walimu kabla shule haijafunguliwa.