Nimepekuliwa usiku nikiwa na simu za wateja, nikasaini maelezo bila kusomewa. Ijumaa natakiwa kurudi kituoni

Fundi wa Igoma

Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi simu, nina meza yangu Makoroboi hapa Mwanza, mwaka wa sita sasa. Jumanne iliyopita nilichelewa kufunga kwa sababu ya simu moja iliyogoma kuwaka. Nikapanda bodaboda kurudi Igoma, begi mgongoni. Ndani mlikuwa na simu saba za wateja, hita, bisibisi zangu na daftari la kazi.

Kama saa nne usiku tukasimamishwa na difenda, gari la doria la polisi. Askari watatu, mmoja amevaa kiraia. Yule wa kiraia akafungua begi na kumwaga kila kitu juu ya boneti. "Simu zote hizi za nani?" Nikasema za wateja, mimi fundi. "Risiti ziko wapi?" Mteja gani anamletea fundi risiti ya simu anayotaka ibadilishwe kioo? Nikauliza kama wana hati ya upekuzi. Hapo ndipo hali ilipochafuka. Nikaambiwa nawafundisha kazi, nipande gari. Boda akaruhusiwa aende.

Njiani wakachukua simu yangu mwenyewe, wakaniambia niifungue. Nikaifungua. Wakasoma meseji zangu za WhatsApp na za M-Pesa, mpaka za mke wangu.

Kituoni nikakaa benchi. Kwenye saa saba hivi nikaitwa mezani, askari mwingine akaandika kurasa mbili huku akiniuliza maswali, akageuza karatasi upande wangu na kusema, "Saini hapa na hapa." Nilikuwa nimechoka, taa yenyewe hafifu, nikasaini. Sijui hata kilichoandikwa. Baadaye shemeji yangu akaja, akaambiwa pesa ya dhamana ni laki na nusu. Akatoa elfu themanini aliyokuwa nayo, hakupewa risiti. Nikatoka saa nane usiku na simu tano. Mbili zimebaki, na hakuna karatasi yoyote inayoonyesha kwamba zimebaki.

Maswali yangu: walikuwa na haki ya kunipekua? Na simu yangu je? Hayo maelezo niliyosaini naweza kuyafuta? Na zile elfu themanini? Ijumaa saa tatu asubuhi natakiwa kituoni. Silali vizuri, wenye simu mbili wanapiga kila siku.

Boda Buzuruga

Pole sana ndugu yangu. Sisi wa barabarani tumejifunza kwa trafiki: ukikosea unaandikiwa faini, 10,000 kwa pikipiki na bajaji, 30,000 kwa gari, unapewa namba ya kumbukumbu na unalipa kwa simu. Anayetaka mkononi usimpe. Lakini hilo lako la doria ni jingine, subiri wanaojua.

Mama Paralegali

Mdogo wangu, pole. Mimi ni msaidizi wa kisheria, nimekaa na watu wengi kwenye benchi kama hilo ulilokalia. Nitakujibu moja moja, na mengine hutayapenda.

Upekuzi wa barabarani. Askari akikushuku kuwa umebeba mali ya wizi, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inamruhusu akusimamishe na kukupekua wewe, begi lako na chombo ulichopanda, bila hati. Hati unaiuliza wakija nyumbani au dukani, na hata huko kuna mazingira ya dharura wanayoweza kuingia bila hiyo. Kijana mwenye simu saba saa nne usiku, mbele ya askari ni mtu wa kushukiwa, hata kama ni fundi mwaminifu kuliko wote Mwanza. Kwa hiyo lile swali lako la hati halikuwa mahali pake, japo hukustahili kufokewa kwa kuuliza. Ulichopaswa kuuliza ni hiki: "Afande, natuhumiwa kwa kosa gani?" Hilo ni lazima ujibiwe unapokamatwa. Na dada zetu wanaosoma hapa wajue, mwanamke anapekuliwa na mwanamke, kwa staha. Mkisimamishwa na wanaume watupu, ombeni askari wa kike, na mngoje.

Simu zilizobaki. Hapa wao ndio wamekosea. Kitu kikichukuliwa na polisi lazima iandikwe orodha, itiwe saini, na wewe upewe nakala: aina ya simu, rangi, IMEI (namba ya utambulisho wa simu), ina ufa wapi. Bila karatasi hiyo, simu imebaki mikononi mwa mtu, haijabaki mikononi mwa sheria. Ijumaa hili ndilo la kwanza.

Simu yako binafsi. Kupekua mfukoni ni jambo moja, kusoma mawasiliano yako ni jambo jingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inataka amri itolewe na mkuu wa kituo au ofisa wa ngazi hiyo, akiwa ameridhika kuna sababu. Askari wa difenda hajitolei amri mwenyewe njiani. Siku nyingine sema, "Afande, simu hii hapa, ishikilie, mkuu wa kituo akiamuru tutaifungua mbele yake." Usimnyang'anye, wala usianze kufuta vitu. Amri ikitoka kweli, usishindane nayo kabla hujaongea na wakili.

Sasa maelezo. Nimeliacha hili makusudi kwa sababu ndilo linalonikosesha usingizi hata mimi. Watu wanaogopa barabarani, wanaogopa taa za difenda na bunduki. Mimi naogopa ile meza. Barabarani utapoteza usiku mmoja, mezani unaweza kupoteza miaka, kwa sababu Tanzania ungamo ulilolitoa kwa polisi kwa hiari linapokelewa mahakamani. Zile kurasa mbili zinaitwa maelezo ya onyo, na zina jina hilo kwa sababu kabla ya swali la kwanza unatakiwa uonywe: askari ajitaje jina na cheo, akwambie kosa, akwambie hulazimiki kujibu chochote na utakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Akwambie pia una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Ukimaliza, usomewe au usome mwenyewe, usahihishe palipokosewa, ndipo usaini. Kuna muda pia: masaa 4 ya msingi tangu uwekwe chini ya ulinzi, bila kuhesabu safari ya kwenda kituoni. Kwako hawakuvuka, lakini kuna watu wanahojiwa tangu asubuhi mpaka jua linazama.

Kuyafuta huwezi. Lakini kesi ikifika mahakamani, unaweza kuyapinga kwamba hukuonywa, hukusomewa, hukuyatoa kwa hiari, na upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuonyesha kwamba uliyatoa kwa hiari. Upinge mapema, pale wanapotaka kuyatoa kama kielelezo. Ukinyamaza hapo, kwenye rufaa utakuwa umechelewa. Leo hii kaa uandike kwenye karatasi yako unachokumbuka: saa ulizokamatwa, ulizoitwa mezani, ulizosaini, nani alikuwepo, taa ilikuwaje. Kumbukumbu inayeyuka haraka.

Elfu themanini. Dhamana ya polisi ni bure, vituo vingi vimebandika ukutani. Mdhamini anasaini tu kwamba atakuleta. Hiyo si dhamana, na unajua jina lake. TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, namba yao ya bure ni 113. Lakini niseme wazi, sheria ya rushwa inamgusa anayetoa na anayepokea, kwa hiyo shemeji asiende kulalamika kwa hasira peke yake. Aende na mtu wa sheria, aeleze jinsi alivyoombwa.

Ijumaa nenda. Usithubutu kukwepa, uko nje kwa dhamana. Nenda na mtu mzima, mwenyekiti wako wa mtaa ikiwezekana, na lile daftari. Wasaidizi wa kisheria tunatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma yetu ni bure. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri, watakuelekeza kwa aliye karibu.

Fundi wa Igoma

Shikamoo mama. Nimesoma mara tatu. Swali moja: wakinitaka nisaini kitu kingine Ijumaa, nikikataa si watanirudisha mahabusu?

Mama Paralegali

Marahaba mwanangu. Hukatai, unaomba. "Afande, naomba nisome kwanza." Ukisoma ukakuta pamekosewa: "Hapa sikusema hivi, naomba tusahihishe." Mstari uliosahihishwa unatia herufi zako za jina pembeni. Nafasi tupu kati ya mstari wa mwisho na saini yako, pigia mstari.

Mzee Mstaafu

Kijana, nimetumikia jeshi la polisi miaka mingi, sasa nalima Magu. Mama amesema vizuri, naongeza la upande wetu. Askari wa doria hajui wewe ni nani. Anachosikia kwanza ni sauti. "Mna hati?" ikisemwa kwa sauti ya juu mbele ya boda, yeye anasikia changamoto mbele za watu. Maneno yaleyale kwa sauti ya chini, mikono ikionekana, yanapita. "Afande, samahani, naomba jina lako na namba yako niandike, ili ndugu zangu wajue niko na nani." Jina liko kifuani. Wa kiraia mwombe kitambulisho, anatakiwa kuwa nacho. Ukikataliwa, soma namba ya gari, gari letu lina PT, ikariri.

Usisukumane kamwe. Kumzuia askari kazini ni kosa linalojitegemea, na utakuwa umempa lile alilokuwa hana. Na ukifika kituoni hakikisha umeandikwa kwenye kitabu cha taarifa. Mtu asiyeandikwa hayupo, na asiyekuwepo lolote linaweza kumpata. Ijumaa omba kumwona mkuu wa kituo mwenyewe, usiishie kaunta.

Fundi wa Igoma

Wakuu, nimerudi. Ijumaa tulikwenda watu watatu: mimi, mwenyekiti wa mtaa, na msaidizi wa kisheria niliyempata kupitia kata. Tukaomba kumwona mkuu wa kituo, tukakaa mpaka saa sita kasoro. Nikaeleza kwa sauti ya chini, kama mzee alivyosema, ingawa mikono ilikuwa inatetemeka.

Akaitisha zile simu mbili. Zilikuwa kwenye droo ya mpelelezi, moja imefungwa kwa raba pamoja na betri isiyo yake. IMEI zikaangaliwa. Moja safi. Nyingine, wakuu, kweli imeripotiwa kuibwa, ina RB, namba ya taarifa ya polisi, ya mwezi uliopita. Nilihisi miguu imeisha nguvu. Nikafungua daftari: tarehe 4, tatizo la mfumo wa chaji, jina la aliyeileta, namba yake, malipo ya awali elfu tano, na saini yake. Mkuu wa kituo akausoma ule ukurasa taratibu, akauliza kama naandika hivi kwa kila simu. Nikamgeuzia kurasa za nyuma mpaka Januari.

Nimeandikishwa upya kama shahidi. Safari hii nimesomewa mstari kwa mstari, na nimesahihisha sehemu mbili, walikuwa wameandika "nilinunua" badala ya "nilipokea". Msaidizi alinigusa goti pale. Neno hilo moja tu. Sijui yale ya Jumanne yaliandikwa lipi.

Simu safi nimerudishiwa na mwenyewe amekuja kuichukua. Ya wizi imebaki kama kielelezo, na safari hii nimepewa orodha yenye muhuri: rangi ya bluu, IMEI, ufa kona ya juu kulia. Elfu themanini bado. Shemeji anaonana na wakili Jumatatu, ndipo waamue kwenda TAKUKURU. Ile orodha nimeibandika kwa gundi kwenye daftari, ukurasa wa tarehe 4, na chini yake nimeandika jina na namba ya askari aliyenisomea.