Mchezaji wa hoki ya ligi ndogo Marekani anaishije?

Kaka_wa_SouthB: Wadau niambieni ukweli. Mdogo wangu ana miaka 17, anacheza hoki ya barafu pale Panari, Mombasa Road, na sa hizi anasema ati akimaliza form four atafute njia aende Marekani acheze hizo ligi za chini, NHL, ile ligi kuu ya huko, anajua ni mbali. Mama hataki hata kusikia. Viatu nilimnunulia mimi, vya mtumba, vinampwaya anavaa soksi mbili mbili, lakini akikata ile kona na barafu ikiruka jamani nasikia raha. Sitaki kumvunja moyo na sitaki kumdanganya.

Msee_wa_Barafu: AHL ndio iko chini tu ya NHL, mechi 72 kwa msimu, na kila timu imeshikana na timu ya NHL. Wengi wana mkataba wa pande mbili, ukiwa chini unalipwa ya chini, ukiitwa juu unahesabiwa siku zako kwa mshahara wa NHL, alafu unaweza kurudishwa wiki hiyohiyo. ECHL iko chini zaidi: mshahara wa wiki, msimu ukiisha umeisha, nyumba unapewa na timu, safari ni basi usiku kucha. Lakini watu hutoka huko. Kipa Jonathan Quick alidakia timu ya Reading ya ECHL, na 2012 akabeba Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL, na timu ya Los Angeles.

Mama_Winga: Mwambie habari ya Willie O'Ree. Watu wanajua tu 18 Januari 1958, mweusi wa kwanza kucheza NHL, akiwa na timu ya Boston. Mechi zake za NHL ni 45 peke yake! Miaka yake mingi ilikuwa ligi ndogo, Los Angeles na San Diego, akaacha 1979 na miaka 43. Na jicho la kulia lilikuwa halioni, paki, kile kisahani wanachopiga badala ya mpira, ilimpiga akiwa kijana akanyamaza asifukuzwe. Huko Los Angeles ndio walimtoa winga ya kushoto wakampeleka kulia, ili jicho zima liangalie uwanja, na mabao yakaanza kuingia. Mimi siwezi ita hayo maisha ya kushindwa.

Jirani_Embakasi: Sawa, lakini vijana wa huko wamekulia kwa barafu, na ya Panari ni ndogo sana, uwanja kamili una kama mita 60. Kenya imeingia IIHF, shirikisho la hoki ya barafu duniani, 2024, aanze na timu ya hapa, na shule asiache.

Kaka_wa_SouthB: Asanteni sana. Nimemsomea hiyo ya O'Ree, amenyamaza kidogo alafu akaniuliza, sasa mtu akija na upande wa kulia alikuwa anamjuaje?